Yah: Kutolewa Nje ya Barua Yangu Mara Kumi na Nne

Mwaisha, fundi cherehani,
Mwembesongo, Morogoro.

Kwa Meneja wa Malalamiko,
Huduma ya Barua Pepe ya Tarishi.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wenzako wote mnaoshinda hapo ofisini mkitutoa. Naandika kwa kalamu, juu ya karatasi, kwa sababu karatasi haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Mimi ni mshonaji wa nguo, umri miaka sitini na mmoja. Nina mdogo wangu mmoja tu, Yasmin, mwalimu huko Songea. Hatujasemezana miaka mitatu. Nilimfungia namba yake kwenye simu, naye akanifungia yangu, na kila mmoja anasubiri mwenzake afungue kwanza. Sasa binti yangu, Shadia, anaolewa mwezi ujao. Alimpigia mama yake mdogo kumwalika, akajibiwa, "Nitakuja mama yako akiniita mwenyewe." Shadia akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Mama, keki tunaweza kuacha. Mama mdogo siwezi kumwacha."

Nikakubali kumwita. Lakini kabla ya kumwita nilitaka kwanza ajue makosa yake, yote, kwa mpangilio. Barua pepe ndiyo njia pekee iliyobaki kati yetu. Hapo ndipo mlipoingia ninyi, na malalamiko yangu ni haya:

1. Lugha yenu. Mnaniacha niandike kwa raha zangu, nikibonyeza "Tuma" ndipo kioo kinasema: "Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia tena." Ndugu Meneja, mtu wa umri wangu haambiwi jambo kama hilo bila hata salamu. Siku ya kwanza nilikikodolea macho kioo mpaka Abdulswamad, mzee mwenzangu mwenye steshenari ninakokwenda kutumia kompyuta, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Siumwi. Nimepewa taarifa."

2. Barua yangu ya kwanza. Ilikuwa na kurasa nne, na niliiandika kwa kidole kimoja tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Nilieleza siku tuliyomzika mama yetu. Yasmin alifika magharibi, na mama alikwishalazwa kaburini Bigwa tangu alasiri. Akasema mbele ya waombolezaji, "Umemzika mama kama mzigo usio na mwenyewe." Nami nikamjibu, "Mwenye mama huwahi." Yote hayo niliyaandika, pamoja na majina ya waliosikia na mahali kila mmoja alipokuwa ameketi. Ilikuwa barua nzuri. Niliisoma mara mbili nikajionea huruma. Nikabonyeza "Tuma", mkanitoa, na barua sikuiona tena.

3. Kuhusu roboti nitasema kwa ufupi. Mnanitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti kwa kuchagua picha zenye baiskeli. Nimechagua, hata ile iliyoonyesha gurudumu tu. Lakini roboti hakosani na mdogo wake miaka mitatu, na huo peke yake ulitosha kuwa ushahidi.

4. Swali lenu la usalama. Ili mnirudishe ndani mnaniuliza: "Rafiki yako wa kwanza ni nani?" Anwani hii alinifungulia Yasmin mwenyewe, miaka ile tulipokuwa tukichekeana, na jibu aliliandika yeye. Aliandika jina lake. Nimejaribu kuandika jina la jirani yangu, mkakataa. Nimejaribu kuandika "Sina", mkakataa pia. Hivyo ndani ya siku tisa nimekiri mara kumi na nne kwamba rafiki yangu wa kwanza ni Yasmin, na kila nikishakiri mnanifungulia mlango niende kumshtaki. Nauliza, ugomvi wa namna hiyo utaendeshwaje?

5. Kupungua kwa hasira yangu. Hili ndilo kubwa, nami naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mtu akishona gauni likafumuliwa, akashona tena likafumuliwa, mara ya tano hatii marinda. Barua yangu ya tatu haikuwa na majina ya mashahidi, maana kidole kilichoka. Ya sita niliyaacha yale maneno ya mzigo, kwa kuwa nilianza kufikiri kwamba aliyeyasema alikuwa ametoka kukaa ndani ya basi tangu alfajiri, tena anatoka kumkosa mama yake. Ya tisa ikaanza kusema mambo ambayo sikuyapanga. Ilisema kwamba siku ile Yasmin alinipigia simu akiwa Mikumi, akilia, akaniomba, "Dada, nisubirini. Masaa mawili tu." Ikasema kwamba wanaume waliniuliza kama kuna mtu wa kusubiriwa, nami nikawaambia hakuna, wanyanyue jeneza.

Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Shadia. Sasa lilikuwa limeandikwa kwenye kioo cha steshenari, na Abdulswamad anapita nyuma yangu na fotokopi za watu.

Barua ya kumi na nne ilikuwa na maneno manne: "Yasmin, nilipaswa kukusubiri. Njoo." Nikabonyeza "Tuma". Mkanitoa.

Ndugu Meneja, nilikuja kwenu nikiwa mlalamikaji mwenye kesi safi, na mmenigeuza mshtakiwa.

Kwa hiyo naomba mnirudishie barua yangu ya kwanza, kurasa zote nne, pamoja na mashahidi. Kama imepotea kabisa, basi mlete ofisa wenu hapa Mwembesongo akae nami siku nzima, anikasirishe upya mpaka nifike pale nilipokuwa. Na kama ofisa hamna, kampuni imwandikie Yasmin, kwa muhuri, kuthibitisha kwamba barua ya kurasa nne iliwahi kuwepo, asije akadhani nilianza kwa unyonge.

Nisalimie wafanyakazi wote wa hapo, na walinzi wa getini, na yule aliyetunga yale maneno kuhusu muda wangu.

Ni mimi mteja wenu, ninayengoja nje,
Mwaisha.

Nyongeza: Leo Jumanne nikiwa njiani kwenda posta na bahasha hii, nilipitia steshenari nijaribu mara moja ya mwisho. Abdulswamad akaniambia, "Bi Mwaisha, wametengeneza. Tangu asubuhi haijamtoa mtu."

Nikaketi, nikaandika maneno yangu manne. Nikaona ipo nafasi, nikaongeza sentensi moja kueleza kwa nini sikuweza kusubiri. Haikunitoa. Nikaongeza ya pili. Yakarudi yale ya mzigo. Wakarudi mashahidi wote, na mmoja niliyekuwa nimemsahau. Masaa matatu, kurasa tatu, mtandao umetulia kama maji mtungini. Kidole kikawa juu ya "Tuma", na nilijua kabisa kwamba safari hii itakwenda.

Nikamwambia Abdulswamad azime kompyuta.

"Barua bado hujaituma," akasema.

"Ndiyo maana nakwambia zima."

Akazima. Alipoiwasha tena niliandika yale manne tu, nikatuma kabla sijapata la kuongeza. Jibu lilikuja nikiwa bado natafuta miwani ili niondoke: "Shikamoo dada. Nakuja Ijumaa."

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote myafute, na huduma mliyoitengeneza muiharibu tena upesi, angalau mpaka Ijumaa. Yasmin naye anatumia huduma hii hii yenu, ana siku tatu mbele yake, na yeye ni mwalimu: anaandika kwa vidole vyote kumi.