Mwezi Wangu Ananuka Baruti

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu bado yuko kwa mama yake. Chanzo ni ile dawa yangu ya kukuza nywele, iliyomwachia nyusi moja. Leo kapiga simu: Jumamosi atakuja na mama kuniangalia. Wakikuta nimetulia, anarudi. Wakikuta majaribio, anabeba vyombo vyake na ndoa imekwisha. Nyumba imepooza bila yeye. Hata chai siioni ladha.
Nitatulia! Ila kwanza nimtengenezee marashi.

Jumanne, 5 Machi
Wazo limenijia bafuni, nina sabuni machoni. Siku zote namwita mwezi wangu. Na redioni wamesema waliotembea mwezini walirudi chomboni na vumbi mavazini, wakavua kofia, wakasikia harufu ya baruti iliyokwisha kuungua. Basi! Mwezi wangu atajipaka harufu ya mwezi. Muuza manukato gani analo hilo?
Nimenunua fataki, nimezipasua, nimekusanya unga wake.

Jumatano, 6 Machi
Jirani yangu, mwalimu wa kemia, kachungulia dirishani kama kawaida yake. Nikamweleza: baruti nitaipika kwenye sufuria ya presha iliyonyonywa hewa yote, kama huko angani. Pasipo hewa haiwaki. Itaiva tu. Akasema baruti haihitaji hewa ya mtu, imebeba oksijeni yake ndani kwa ndani, hata angani inawaka vizuri. Imebeba! Kama abiria na chakula cha safari! Wivu tu huo. Nimefunga dirisha.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi wa friji kaniazima pampu, ile anayonyonyea hewa kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Akauliza ni ya friji gani. Nikasema ni kitu cha mke wangu. Si uongo. Sufuria ni yake, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake.

Jumamosi, 9 Machi
Wamefika. Mimi shati jeupe, nyumba inang'aa. Nyusi ya pili imeota! Mke wangu akatabasamu. Mama akasema kumbe mkwe wake amekua.
Hapo ningenyamaza. Lakini sufuria ilikuwa jikoni, moto tayari. Nikawaita. Mke wangu akauliza humo mna nini. Nikasema harufu yake. Harufu gani? Baruti. Akauliza, taratibu sana, kama yeye ananuka baruti. Nikaanza kufafanua. Mama akataka kutoka mbio. Nikamwomba atulie, hewa humo hamna.
Mfuniko umepitia darini. Uko kwa mwalimu, kwenye nyanya zake. Mama tulimkuta chini ya meza. Mwalimu alichungulia, hakusema neno. Hilo limeniuma kuliko yote.
Harufu yenyewe, kusema kweli, imetoka sawasawa.

Jumapili, 10 Machi
Wamebeba vyombo vyote. Nimelia kama mtoto, sioni haya. Kaniachia kitanda tu, eti nisije nikalala sakafuni. Bado ananipenda!
Nimekaa nikatafuta kosa, nimelipata. Mwezi uko karibu mno. Waliotoka nje ya chombo, kule angani kwenyewe, wanasema kunanuka chuma kilichochomelewa. Baruti hata chembe! Mama atatulia.
Fundi wa kuchomelea yuko njiani. Chuma pekee kilichobaki humu ndani ni kitanda.