Kiwanda Changu cha Ajira

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimeitwa halmashauri. Nimekwenda na koti. Joyness, afisa biashara, binti mdogo mwenye macho ya hakimu, akauliza kiwanja nilichopewa eneo la viwanda vidogo kimefikia wapi. Nikasema kimefika mbali. Akasema alipita jana akakuta beberu amelala. Nikajibu huyo ni mlinzi. Hakucheka.

Masharti nayajua. Ukipewa kiwanja, unajenga na kuajiri vijana wa hapa hapa Bariadi. Usipofanya hivyo anapewa mwingine. Ijumaa wanakuja kukagua. Ijumaa hii!

Akauliza tena nitazalisha nini. Mara ya kwanza nilisema chaki, kisha siagi ya karanga, kisha vijiti vya kuchokolea meno. Leo nikaona nisijifunge. Nikasema tutazalisha ajira. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Nadhani imemgusa.

Jioni. Martha, mke wangu, hajui habari za Ijumaa. Anashona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la watu, na leo wamemwambia tena asogeze cherehani, wanataka kuweka friji. Nilimwahidi chumba chake mwenyewe hapo kiwandani, chenye dirisha la mtaani. Nikamwomba avumilie kidogo. Akasema hiyo kidogo yangu ana miaka nayo. Imeniuma, maana ni kweli.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamka na akili. Ninachohitaji ni watu wengi wanaochimba msingi, wakaguzi wakute vumbi linatimka. Vijana wapo tu, wanasubiri mvua wapande pamba. Nimekwenda kwa Masunga, kiongozi wa ngoma ya Bagika huku kwetu, nikamwomba kikundi chake kije kuchimba kwa ngoma, kama wanavyolima mashamba ya watu. Amekubali.

Njiani nikajiuliza: kwa nini niishie kwa Bagika? Nikakata kona hadi kwa Kwandu, kiongozi wa Bagalu. Hawa na wale ni mahasimu wa ngoma tangu enzi za mababu. Wakikutana uwanjani ni kugombania watazamaji, na upande ulioshindwa unanuna mpaka msimu mwingine. Nikamwambia Kwandu kuwa Masunga anasema Bagalu wa siku hizi hawajui hata jembe linashikwaje. Masunga hakusema hivyo, lakini anaonekana mtu wa kusema hivyo. Kwandu alisimama hapo hapo akaanza kuita watu.

Zawadi ni yule beberu wa kiwanjani, kwa upande utakaochimba zaidi. Beberu ni wa Martha. Nitamweleza baadaye.

Jirani yangu wa kiwanja, Bundala, mfyatua matofali, ameuliza kwa nini nimeita pande zote mbili. Nikamwambia ni mambo ya menejimenti. Mwenyewe udongo umemwishia, vijana wake wawili wanashinda wamelala kibandani. Ananionea gere tu.

Jumatano, 6 Novemba

Mambo ni moto! Bagika upande wa barabara, Bagalu upande wa kwa Bundala, ngoma zinalia, udongo unaruka. Kabla ya mchana msingi ulishatosha. Nikaenda kusema basi.

Masunga akauliza nani kashinda. Nikapima kwa macho: Bagika wamezidi kidogo. Nikamwangalia beberu. Nikamfikiria Martha. Nikasema wamelingana.

Wakarudi shimoni. Baadaye Kwandu naye akauliza. Bagalu walikuwa mbele, wazi kabisa. Nikasema wamelingana. Wakavunja ukuta wa udongo uliowatenganisha, mashimo mawili yakawa shimo moja, wakaendelea kwenda chini wakitukanana kwa nyimbo. Mwanzo niliona kofia zao. Jioni sikuona hata kofia.

Martha alileta uji. Akachungulia, akauliza kama chumba chake ndicho kile cha kule chini. Nikaomba uji.

Jambo moja zuri. Chini ya udongo mweusi umetoka mwekundu unaonata, umerundikwa kila mahali. Bundala amekuja kwa unyenyekevu kuniomba auchukue. Nikampa wote bure, abebe hata kesho. Akasema wabeja sana. Nimecheka moyoni. Mtu anabeba takataka zangu na shukrani juu.

Alhamisi, 7 Novemba

Alfajiri mvua. Mvua ya kwanza ya msimu, tena ya nguvu. Wachimbaji wote wamekimbilia mashambani.

Ila kabla ya kuondoka, Masunga na Kwandu walikuja pamoja. Wakasema kwa kuwa wamelingana, beberu ni wa wote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao wamekubaliana jambo, na jambo lenyewe ni mimi. Wamemchinja, wamekula wakicheka. Martha ameikunja kamba ya beberu, akaiweka juu ya cherehani. Afadhali angenifokea.

Shimo limejaa pomoni. Mchana wachungaji wakaleta ng'ombe kunywa maji. Nikafukuza kundi moja, yakaja matatu. Huwezi kumwambia ng'ombe wa Kisukuma kwamba hili si lambo.

Halafu wazo likaja, ghafla, nikiwa nimesimama kwenye matope. Nimepaka rangi upya kibao cha pale kiwanjani: KIWANDA CHA AJIRA NA SAMAKI.

Ijumaa, 8 Novemba

Wamekuja. Joyness akauliza wafanyakazi wako wapi. Nikasema likizo ya pamba. Akauliza msingi. Nikaonyesha maji. Akauliza samaki. Nikasema wanakuja. Ng'ombe mmoja akanya pale pale mbele ya wakaguzi.

Wakahamia kwa Bundala. Kumbe ameajiri vijana! Wamejaa, wengine ni wachimbaji wangu waliomaliza kupanda jana, wanakanda udongo wangu kwa maji yangu, matofali yamepangwa hadi barabarani. Bundala hakuficha. Alisema mbele ya wote kwamba bila mimi asingeajiri mtu. Nikatanua kifua. Joyness akasema basi kiwanja kiende kwa anayekitumia.

Kwisha. Nimekipoteza. Nimemwambia Martha ukweli wote. Hakuuliza habari za beberu. Aliuliza chumba tu, kisha akajifunika khanga usoni. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 12 Novemba

Martha alikwenda mwenyewe kwa Bundala, hakuniaga. Wameelewana: atapata chumba kwenye kiwanja kile kile, chenye dirisha la mtaani, naye atawashonea vijana nguo za kazi. Leo ameshaweka cherehani chini ya turubai, kuta zinapanda kumzunguka. Anaimba. Ni muda mrefu sijamsikia.

Mimi nimepewa kazi ya kuchota maji shimoni. Joyness amepita na kalamu, akanikuta na ndoo mbili, akaniandika kwenye taarifa yake: ajira mpya. Alicheka, hatimaye.

Lakini nimeona kasoro. Vijana wa Bundala wanafyatua taratibu, kwa amani mno. Nusu yao ni Bagika, nusu Bagalu, na hakuna aliyefikiria kulitumia hilo. Kwa hiyo mchana huu, wakati wa kupumzika, nimemnong'oneza mmoja wa Bagalu yale ambayo Bagika wanasema kuhusu matofali yake. Ameacha chakula, amesimama. Bundala atanishukuru.