Dhahabu ya Mzee Ratilal na Majivu ya Ndizi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa fundi wa mashua. Mimi, Anyona wa Mosocho, mtu ambaye hajawahi kupanda chochote kinachoelea!

Ilikuwa hivi. Mzee Ratilal, mwenye duka la vitambaa hapa Kisii mjini, ambaye varanda yake ndiyo karakana yangu ya kutia sufuria matako mapya, alitoka na kifurushi. Ndani, vipande vitatu vya alumini kutoka mashua yake ya matanga iliyoko ziwani Kisumu: vishikizo viwili vya kufungia kamba, na fimbo ya usukani, ndefu kama mpini wa jembe. Zamani vilikuwa na rangi ya dhahabu. Jua la ziwa limevifubaza hadi vimekuwa kama chai iliyoongezwa maji baada ya wageni kuzidi.

Akaeleza polepole. Mzee huyu hueleza kila kitu polepole, na mimi nampenda kwa hilo. Alisema rangi hii haikupakwa. Kiwandani walitumia dawa na umeme, ikaingia ndani ya ngozi ya alumini. Ukikwangua ngozi, rangi imekwenda. Akanionyesha pia mahali palipolika kwenye fimbo. Hapo ndipo marehemu mkewe, Manju, alipokuwa akishika, miaka ishirini. Pasiguswe. Jumapili mjukuu wao Trisha ataendesha mashua hiyo mara ya kwanza, na Mzee anataka ashike aliposhika nyanya yake.

Niliitikia kwa kichwa kila neno. Lakini akili ilikuwa nyuma ya duka. Kule kuna stoo tupu. Yenye paa! Mvua ya alasiri hunifukuza varandani kila siku na sufuria za watu kichwani. Mzee amesema stoo atampa mwenye mikono mizuri. Tunaoimezea mate ni wawili: mimi, na Bathsheba, mama anayeng'arisha bakuli za mawe ya Tabaka upande wa pili wa varanda. Ana mikono mizuri. Nakiri. Nimekiri, yatosha kwa leo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimewaza. Alumini ni alumini. Mama yangu alilea watoto tisa na sufuria zake zilionekana kutoka ng'ambo ya bonde. Alitumia nini? Majivu ya majani makavu ya ndizi na waya wa kusugulia. Hakuna kiwanda, hakuna umeme.

Basi nimevichemsha vishikizo viwili kwa maji ya majivu. Fimbo nimeiweka kando kwanza, mimi si mjinga. Lo! Povu! Yalichemka yakatoa povu kama ugimbi. Uchafu wa ziwa huo, unapiga kelele ukitoka. Mke wangu, Mama Sheila, aliuliza kama naruhusiwa kutumia sufuria yake ya uji. Fundi akiwa kazini hajibu.

Vilitoka vyeusi kidogo. Nikasugua. Nikasugua tena. Ee Nyasae, Mungu wangu, vikang'aa! Vyeupe kama meno ya mtoto. Nilijiona ndani yake, na nilipendeza.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya utukufu. Nimevipanga vishikizo juu ya kigoda varandani. Watu wamesimama. Omwenga, mzee wa kanisa letu, amevigeuza mara tatu, akasema mbuya mono, yaani vizuri sana, hajaona alumini kama hii tangu harusi yake. Wanawake wawili wameleta sufuria zao papo hapo. Chema chajiuza, nilimwambia Bathsheba, ila nilitembea navyo kidogo hadi stendi na kurudi.

Bathsheba hakusifu. Aliuliza jambo moja tu: Baba Sheila, ile dhahabu iko wapi? Nikamwambia imekwenda na uchafu. Akasema hata jiwe lina ngozi, mtu hulibembeleza, halichuni. Wivu huo. Wivu mtupu, na amekalia ndoo!

Kisha nikakumbuka maneno ya Mzee kuhusu ngozi. Nikavifunika vishikizo kwa kitambaa. Jua lilikuwa kali.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee Ratilal alikuja kabla sijajipanga. Akaviinua vishikizo. Akavigeuza kuelekea juani. Halafu akauliza, kwa upole uliozidi, kama hivi ni vyake. Nikasema ndiyo, hii ni hatua ya kwanza. Akauliza hatua ziko ngapi. Nikasema mbili. Akaniamini! Mtu anayekuamini hivyo anakuumiza kuliko anayekutukana.

Hatua ya pili sikuwa nayo. Lakini duka la jirani wanauza bizari ya manjano. Hakuna nguo iliyowahi kushinda bizari. Nimechemsha vishikizo kwa nusu kilo. Vimetoka dhahabu tupu! Nikaruka. Nikavipangusa kwa kitambaa. Kitambaa kikawa dhahabu, vishikizo vikawa vyeupe. Nimechemsha tena. Vile vile. Sasa mikono yangu ni ya manjano hadi kwenye viwiko, na Mama Sheila anasema nyumba nzima inanukia pilau na hakuna pilau.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika haraka, jua likizama Sabato imeingia.

Asubuhi nilipata hekima. Kama vishikizo ni vyeupe na fimbo ni ya chai, Mzee ataona tofauti. Lakini vyote vikiwa vyeupe? Vitafanana! Atadhani ndivyo inavyokuwa. Nikaiweka fimbo magotini. Nikashika waya. Nikaanza kulenga pale palipolika, maana ndipo palipokuwa pabaya zaidi.

Bathsheba hakupiga kelele. Alivuka varanda, akaichukua fimbo magotini pangu kama mtu anavyomchukua mtoto kutoka kwa mlevi. Akasema: Baba Sheila, mkono wa mtu uko hapo.

Nilikuwa nimesahau, haki ya Mungu. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Aliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa laini. Unga mweupe ukatoka, ule niliodhani ndio rangi yenyewe iliyokufa. Akaikausha. Akailaza juani mpaka ikapata joto, kama afanyavyo mawe yake. Kisha nta, ile ya bakuli, kidogo sana kwenye kidole, akazungusha, akazungusha. Akangoja. Mimi singengoja! Akachukua fulana kuukuu akapangusa.

Nikaona dhahabu ikirudi. Si mpya. Imekolea tu, kama chai aliyoipika mtu asiye na haraka. Dhahabu ilikuwa humo muda wote. Alipofika pale aliposhika Manju alipitisha nta juu yake, hakujaribu kupasawazisha, na vidole vinne vikaonekana wazi kuliko mwanzo. Nilisimama nikiwa na waya mkononi. Naandika hapa kwa shingo upande: ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na nimeona kazi zangu zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Sikufanya kazi. Nilifikiri tu jinsi ya kumweleza Mzee, na kufikiri si kazi. Omwenga alihubiri juu ya unyenyekevu. Naona alimlenga mtu wa benchi la mbele.

Jumapili, 10 Agosti

Mzee alikuja na Trisha, msichana mrefu mwenye miwani. Bathsheba akampa fimbo. Aliweka vidole vyake palipolika, havikuingia, ni vinene. Trisha akaweka vyake. Vikaingia vyote vinne. Yule mzee akalia mbele ya duka lake mwenyewe, watu wakipita na mikungu ya ndizi. Na mimi nikalia, sioni aibu kuandika.

Halafu akauliza nani amefanya. Nikajibu, sisi. Nilikusudia kusema Bathsheba, lakini mdomo una mazoea yake. Bathsheba hakupinga. Mzee akanishika mkono kunishukuru, akautazama. Manjano! Akaunusa. Akavitazama vishikizo. Akamtazama Bathsheba. Hakuhitaji kueleza polepole safari hii.

Stoo amepewa Bathsheba.

Na huyo mama, kabla sijakunja kigoda changu, akasema kuna kona karibu na mlango ambako mvua haifiki, niingie. Sharti moja: chochote chenye rangi ya dhahabu asikione mikononi mwangu kabla yeye hajaulizwa. Nikaapa. Vishikizo Mzee hakuvitaka tena, atanunua vingine wakifika Kisumu. Tumevipigilia ukutani, tunatundikia aproni. Aproni yangu imeshapata doa la manjano.

Moyo wa namna hiyo sijui unatoka wapi. Nimejifunza mengi wiki hii. Kupotea njia ndiyo kujua njia.

Jumanne, 12 Agosti

Omwenga ameleta sinia la kanisa, lile la vikombe vya Meza ya Bwana. Alumini ya rangi ya dhahabu, imefifia. Bathsheba ameenda Tabaka kuchukua mawe. Aliniagiza nilifunike kwa kitambaa, nisiliguse, atarudi saa kumi.

Nimelifunika.

Nimelifunua kidogo. Ni bapa, halina alama ya mkono wa mtu yeyote. Nta ni nzuri, sikatai, namheshimu sana yule mama, lakini kanisa zima litalitazama Sabato hii. Na kosa la safari ile sasa nimelielewa: bizari ilikuwa kidogo. Tena nitajaribu upande wa chini tu, pasipoonekana.

Mama Sheila ameleta majivu. Amekataa kuleta sufuria ya uji, nimeazima ya mteja.

Limeanza kutoa povu. Mbuya mono!