Mshale Ubaki Kwenye Nyekundu

Jumatatu, Februari 2

Mimi nimezoea barua, shajara sijui huanzaje. Basi nasalimu kwanza. Salamu kwako Baba Kirimi, mume wangu, uliye gerejini. Salamu mwanangu Kirimi, vaa kofia. Salamu mama mkwe, punguza televisheni. Salamu hata wewe jirani Armel, ingawa chanzo ni wewe. Mimi ni mzima, ila moyo unadunda.

Armel kamwonyesha Baba Kirimi pikipiki ya theluji, ile ya kuteleza bila magurudumu, naye kainunua. Kuukuu! Jumamosi wanaume wa kanisa wanakwenda kuendesha pikipiki hizo juu ya ziwa. Ziwa! Wanasema limeganda kwa baridi ya huku Kanada. Baba Kirimi hajui kuogelea.

Mungu kanisikia. Geji ya joto la injini ni mbovu. Injini baridi kama jiwe, mshale uko kwenye nyekundu. Baba Kirimi kaapa haendi popote mshale ukikaa hapo. Nimepika chapati.

Jumanne, Februari 3

Armel kaja na zana. Kazi yake ni kuuza bima, lakini akishika bisibisi utadhani daktari. Kagundua waya wa geji umechubuka, unagusa chuma. Kauzungushia tepu. Mshale ukashuka! Wakashangilia. Mimi pia nikapiga makofi, huku moyoni nalia.

Walipoingia ndani kunywa chai, nikabaki kufagia gereji. Tepu hubanduka kama ganda la ndizi.

Alhamisi, Februari 5

Nyekundu tena! Baba Kirimi kamuuliza Armel kama na bima zake huuza namna hiyo. Armel kajibu kwamba mashine za zamani zina kiburi. Kabadilisha geji. Kabadilisha na kihisi joto chake. Kila wakienda kunawa mikono, mimi na waya, tepu nje.

Mama mkwe kashauri injini wamwekee mgonjwa huyo kitambaa cha maji baridi, kama mtoto mwenye homa. Wakaweka! Kikaganda. Kisha akaniuliza mbona gereji inafagiwa hivi na jikoni kuna makombo. Nikamwambia ndio usafi wa Kanada.

Ijumaa, Februari 6

Balaa! Armel kasema pikipiki nyingi za zamani hazikuwa na geji kabisa, na watu walikwenda na kurudi. Baba Kirimi kafikiri kidogo. Kachukua koleo. Kang'oa geji nzima, kanipa nikaitupe!

Hakuna nyekundu tena. Nimemwambia kesho naenda naye, nikae nyuma nimshike koti. Kirimi kacheka, kasema kwa Kiingereza chake nitulie. Nitulie vipi?

Jumamosi, Februari 7

Upepo ulikuwa umefagia theluji yote. Barafu tupu, inang'aa kama sahani. Nilimkaba Baba Kirimi mpaka akaomba pumzi. Niliimba nyimbo zote za kanisa ninazozijua.

Nikasikia harufu, kama ugali unaoungua. Nikamwambia. Akasema huo ni woga wangu. Injini ikazima katikati ya ziwa!

Akatufuata mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki kwenye tundu la barafu. Kaeleza kwamba mashine hii hupozwa na theluji inayoruka chini yake. Kwenye barafu tupu inachemka. Akauliza, kwani geji haikuwaonya?

Baba Kirimi kaniangalia. Mimi nikaangalia samaki.

Tukaisukuma hadi ufukweni. Mimi niliyeogopa maji nimetembea juu ya maji kama Petro, tena nikisukuma chuma!

Jumapili, Februari 8

Baba Kirimi mzima, vidole vyote. Pikipiki imeungua, itauzwa kama chuma chakavu. Ibadani nimeshukuru hadi machozi. Nimemwahidi Mungu sigusi tena mitambo ya mtu.

Mchana Armel kabisha hodi. Kumbe rafiki yake anagawa mashua ya zamani bure, ya kiangazi. Wameshaileta gerejini. Baba Kirimi anaipapasa kama ng'ombe wa maziwa.

Nimeingia kufagia. Chini nyuma ina kizibo kidogo cha tundu la kutolea maji. Kinatoka kwa mkono, hata bisibisi hakitaki. Na mashua si mtambo, ni ubao tu.

Dada yangu Jemimah aliye Mombasa, mumewe alifanya kazi kwenye feri. Nimemtumia ujumbe: mashua isiyo na kizibo huzama pale pale ufukweni, au hungoja mtu afike katikati? Jibu upesi, dada. Nimekishika mkononi.