Isale Mdomoni mwa Nguruwe

Leo nimeaibika, tena mbele ya nguruwe wangu mwenyewe. Wale mlioniuliza kwa nini nimeifuta video ya asubuhi, tulieni, nawaeleza.

Mnajua nafuga huku Kilema, nyumbani kwa marehemu baba. Tunapakana kihamba, yaani shamba la ukoo, na baba mdogo Evarist, mdogo wake baba, na tangu Pasaka alikuwa haongei na mimi. Sababu ni harufu. Siku mjukuu wake alipopata komunyo ya kwanza, wageni walikula pilau wameziba pua, na upepo ulikuwa unatoka bandani kwangu. Tangu siku ile akienda kanisani anazungukia migombani ili asipite mlangoni kwetu. Jamani, inauma. Kwa ndugu wa baba yangu amebaki yeye tu, na kicheko chake ni kilekile cha baba.

Ndiyo maana nilivunja sakafu ya saruji, nikachimba shimo la kufika mapajani, nikajaza maranda, pumba za mpunga, udongo, vumbi la mkaa na chumvi kidogo. Nguruwe wanalala juu ya tandiko hilo, kinyesi kinaoza humohumo, huoshi banda na harufu inakata. (Najua nimewachosha na somo hili kwenye grupu.) Mama akaenda kumbembeleza shemeji yake. Akakubali kuja leo saa nane mchana, anuse kwa pua yake mwenyewe.

Asubuhi naamka, kona moja imelowa. Ile wanayokojolea. Pumba zangu zilikuwa zinatoka Kahe, na dereva wa guta akanipigia kwamba tairi limepasuka. Nikachukua panga mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, nikaenda mpakani kufyeka chochote cha kutandika.

"Ndugu wafugaji," nikawaambia, "tandiko halihitaji gharama. Tumia kilichopo shambani."

Panga linashuka, mimi nawatabasamia ninyi. Nikafyeka nyasi za mabingobingo, majani makavu ya migomba, na vyote vilivyojificha katikati yake. Nikavikatakata, nikamwaga pale konani, nikachanganya kwa koleo. Kisha nikaoga, nikavaa shati jeupe la kanisani. (Shati jeupe, bandani. Akili nyingi.)

Saa nane kamili akaingia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Hiyo tu. Akasimama kwenye ukuta wa banda, akavuta hewa. Akavuta tena. Mimi nimebana pumzi kana kwamba anayenuswa ni mimi.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndivyo ilivyo, baba mdogo."

"Hata mbuzi wangu wananuka kuliko hawa." Na akacheka. Kicheko kile. Mama akageukia pembeni akajifuta macho kwa khanga, na mimi nikaanza kueleza habari za vijidudu vinavyoozesha kinyesi, kwa sauti ya mtaalamu.

Nikiwa katikati ya maelezo, nguruwe wangu jike, yule mkubwa ninayewaringishia, akaibuka kutoka kona ile kuja kumsalimia mgeni. Mdomoni ana jani refu la kijani.

Baba mdogo akaacha kucheka. Akalitazama jani, akatazama mpakani. Nikafuata macho yake, na hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Kuanzia kwenye mparachichi mpaka kwenye mfereji, safu nzima ya masale ilikuwa imebaki vishina vitupu.

Kwa mliozaliwa kwingine: isale, mmea wa majani marefu, kwetu ndilo mpaka wa kihamba, ndilo tunalopanda makaburini, na ndilo mkosaji humpelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale, huwezi kukataa kusamehe. Safu ile aliipanda babu kwa mkono wake siku alipowagawia wanawe ardhi. Na huku kwetu, ambako ndugu hununiana kwa sababu ya mgomba mmoja, anayefyeka masale ya mpakani anaitwa mwizi wa ardhi.

"Deo," akasema taratibu, "kumbe mimi nimeitwa ninuse, wewe unataka kihamba?"

"Sikuona, baba mdogo. Nilikuwa narekodi."

(Nilikuwa narekodi. Mtu wa miaka arobaini na moja.)

"Ruwa wangu, Mungu wangu," mama akaninong'oneza. "Tafuta isale upige magoti, kabla hajavuka mfereji."

Nalitoa wapi? Yote nimeyakatakata mimi. Lililobaki zima lilikuwa moja tu, na lilikuwa mdomoni mwa nguruwe. Nikaruka ukuta. Tandiko likanimeza mpaka magotini, na nguruwe akadhani tunacheza. Tukazunguka banda mara mbili. Mara ya tatu nikaanguka kifudifudi kwenye kona ya mkojo (ambayo, kwa taarifa yenu, haikuwa imekauka kama nilivyosema kwenye video). Nilipoinuka nilikuwa na jani mkononi. Nusu yake, limejaa mate na alama za meno.

Nikapiga magoti palepale.

"Baba mdogo, nimekosa. Nisamehe."

Akalitazama lile jani. Nguruwe ananivuta shati kwa nyuma. Nililia, na sikuwa naigiza. Nilikuwa namwona baba amesimama pale.

"Hilo silipokei," akasema, akageuka, akaondoka. Nikajua nimempoteza na huyu.

Kumbe alikwenda nyuma ya nyumba yake. Akarudi na isale bichi, zima, analifuta vumbi kwa kiganja. Akalipitisha juu ya ukuta akanishikisha, kisha akajiweka sawa na kusafisha koo.

"Haya. Sasa niombe msamaha vizuri."

Nikaomba, akapokea. Kuchumiwa jani la msamaha na mtu uliyemkosea kunatia aibu kuliko matusi, na nimeshukuru kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kesho tunapanda masale upya, maana bua lake ukilichomeka tu linachipua. Kamba ya kupimia atashika yeye, kasema hivyo mwenyewe huku anatabasamu. Chekeni mkitaka. Mimi najua mpaka utasogea hatua mbili kuja kwangu, na nitakuwa wa kwanza kusema ndipo ulipokuwa.