Sarafu za Daraja

Jumatatu, 3 Machi
Utajiri kwenye droo! Natafuta kifungo, nakutana na sarafu ya kumbukumbu tuliyogawiwa siku daraja lilipofunguliwa. Kinyozi, akininyoa mchana, kasema sarafu ya namna hiyo iliwahi kuuzwa kwa bei ya ng'ombe. Nikageuka ghafla. Sasa nina plasta sikioni. Mke wangu, fundi cherehani, kasema thamani imeandikwa pale pale, nisome. Mwanamke mwema, ila jicho la biashara hana.

Jumanne, 4 Machi
Kwa sonara. Kasema sarafu hizi huthaminiwa kwa madini yake, hali yake, na zimebaki ngapi. Madini: kaigonga mezani, si dhahabu wala fedha, nisijisumbue. Hali: nzuri. Zimebaki ngapi: ah, karibu kila nyumba mtaani inayo. Zingekuwa adimu, bei ingepanda.
Basi nitaziadimisha mwenyewe! Nanunua zote, nazikalia. Mtaji upo, pesa za mabati. Paa linavuja, ndiyo, lakini mvua bado. Mke wangu nitamwambia nikishatajirika.

Jumatano, 5 Machi
Mambo moto. Muuza nyama kauza. Muuza mkaa kauza. Mama mkwe naye kaleta yake, kaifunga kwenye leso. Mbovu! Upande mmoja ngao imesimama sawasawa. Ukiigeuza, daraja liko miguu juu. Nikamrudishia kwa heshima zote: Mama, mimi nachukua nzima tu. Akaifunga tena kwenye leso. Shemeji, mdogo wake mke wangu, akamwambia mama yake aitunze, inachekesha. Kijana hana malengo.

Alhamisi, 6 Machi
Bei imepanda maradufu! Kinyozi kagoma kuniuzia yake kwa bei ya jana. Eti kuna mtu anazitafuta sarafu hizi kwa udi na uvumba. Nikamuuliza yukoje. Hajamwona, kasimuliwa tu: mtu wa kofia ya kijani, anaongea kwa kunong'ona, anatazama nyuma kila mara. Mpinzani hatari huyo! Nikavua kofia yangu ya kijani, nikajifuta jasho, nikatazama nyuma, nikamnong'oneza kwamba nachukua kwa bei yoyote.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Maji yameingia kwenye cherehani. Mke wangu kauliza mabati yako wapi. Nikamwonyesha kopo la sarafu. Akalichukua, akaliweka chini ya paa linapovuja.
Nimeshinda jikoni nikizisugua sarafu kwa mchanga na waya wa masufuria. Zinang'aa kama meno ya bwana harusi. Sonara kaniletea habari: kesho mkusanyaji wa sarafu atapita dukani kwake.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Mkusanyaji kavaa miwani, kainua sarafu ya kwanza, kashusha pumzi kama daktari. Kauliza nani kazikwangua hivi. Nikajibu kwa fahari kwamba ni mimi. Kasema nimeziharibu hali yake, nikanunue nazo mkate.
Hapo ndipo shemeji akaingia na mama mkwe, leso mkononi. Mkusanyaji kaigeuza ile sarafu mbovu mara ya kwanza, mara ya pili, kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Kosa la kiwandani! Hajawahi kuiona nyingine! Kalipa hapo hapo, na chai kaagiza.
Mama mkwe hakwenda kwake. Kaenda moja kwa moja kwa muuza mabati, akasema mwanawe hatashonea nguo za watu chini ya maji. Nikamshukuru nikitazama viatu vyangu. Kanipigapiga begani.
"Usihuzunike, baba. Nawe ni mbovu wa aina yake. Huenda siku moja ukapata mnunuzi."
Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Walau kacheka.

Jumapili, 9 Machi
Paa jipya. Nyumba kavu. Mke wangu anaimba kwenye cherehani. Na mimi nimeamka mtu mwingine kabisa, maana somo limeniingia: watu hawanunui uzima, wananunua makosa!
Nimebeba kopo zima hadi kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nimemwagiza azipinde moja moja, kila sarafu na kosa lake, zisifanane hata mbili. Kauliza kama nyumbani wanajua nimetoka. Nikamwambia atanikumbuka nikishakuwa mtu mkubwa.
Anataka alipwe kabla.