Fundi Hippolyte Afukuzwa Boloko

Kahawa ya Mama Mwanvua ilikuwa ingali ya moto, na sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi letu pembeni ya soko la Kasongo, wakati Amisi alipofika na baiskeli yake kutoka Kabambare. Amisi anauzisha kule samaki ya Nyangwe. Samaki yake ni ya moshi, lakini habari yake iko mubichi siku zote, ndio maana tunamuita Gazeti.

“Munamujua Hippolyte, fundi wa nguo, ule wa kijiji cha Lusangi?” akauliza mbele ya kukaa. “Wamemufukuza boloko, gereza la Kabambare.”

Abdallah akatua kikombe. Huyu zamani alifagia tribunali, nyumba ya mashauri, na tangu pale anajua sheria yote ya Wabeleji. Tunamuita Sheria.

“Boloko hawafukuzi mutu. Mutu anafunguliwa. Kufukuza ni kwa masomo.”

“Kaka, mimi niliona na macho yangu. Polisi alimusukuma inje, akamutupia blanketi, akamuambia asirudi tena.”

“Kwanza aliingia kwa nini?” akauliza Roger katekista, ule tunaita Misheni.

“Alicheka.”

Tukasogea wote karibu. Gazeti akaeleza. Bwana Teritwari, Mubeleji anayetawala Kabambare, alipata baiskeli mupya, akaamua kupita nayo katikati ya soko ili watu waone. Watu wakaona. Mbuzi peke yake haikuona, ikakata njia mbele ya baiskeli. Bwana akaruka, akaanguka ndani ya mihogo ya wamama, na suruali yake nyeupe ya sikukuu ikapasuka nyuma, kutoka mukanda mpaka huku chini. Soko lote likanyamaza kama kanisa. Hippolyte, mbele ya mashini yake ya kushona, akashindwa.

“Alicheka namna gani?” Sheria akauliza kwa uzito. “Kuna kicheko cha meno na kicheko cha tumbo. Cha meno ni onyo.”

“Alicheka mpaka akalala juu ya mashini.”

“Basi ile ni boloko na fimbo.”

“Na fimbo alikula,” Gazeti akasema.

Pale hakuna aliyekunywa kahawa. Mama Mwanvua akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Misheni ndiye aliyetuokoa. “Mimi walinifunga kwa sababu ya choo.”

“Hukuwa na choo?”

“Nilikuwa nacho. Kizuri, na mulango. Muzungu wa afya akaingia, akakuta kisafi, hata inzi haiko. Akasema: huyu ana choo cha kuonyesha watu, yeye mwenyewe anaenda porini. Nikakata majani ya serikali wiki nzima.”

“Na kweli ulikuwa unaenda porini?” Mama Mwanvua akauliza.

“Mama, choo kile nilikijenga na jasho langu. Ningekichafua namna gani?”

“Sheria ilikuwa na haki,” Abdallah akasema. “Gazeti, endelea. Nani alimushitaki Hippolyte?”

“Bwana Teritwari.”

“Na shahidi?”

“Bwana Teritwari.”

“Na jaji?”

“Ule ule. Tena ndiye aliyeanguka. Kazi yote aliifanya peke yake. Akamuuliza Hippolyte: kwa nini ulinicheka? Hippolyte akajibu: Bwana, sikukucheka wewe, nilicheka mushono. Suruali ile ilishonwa na mutu asiyejua kushika sindano.”

“Jibu zuri,” Misheni akasema.

“Mushono ulikuwa wa Madamu, muke wa Bwana.”

Sheria akafunga macho. “Wakamuongezea.”

“Wakamuongezea. Wiki moja ya Bwana, wiki moja ya Madamu. Kazi ya kukata majani. Sasa katikati ya wiki ya Madamu, habari ikafika kwamba Mukubwa wa Bwana anatoka Kindu kukagua Kabambare. Bwana hana suruali ingine ya sikukuu. Akaituma ile iliyopasuka boloko, ishonwe. Hippolyte akakataa.”

“Alikataa Bwana?” Sheria akasimama kabisa.

“Kwa adabu. Akasema: Bwana, wewe mwenyewe uliamua nikate majani. Nikishika sindano, nitavunja amri yako, na mimi naogopa sana amri yako.”

Sheria akakaa polepole. “Hapo,” akasema, “fundi alisema sheria.”

“Bwana akakusanya tribunali upya, akafuta majani, akaweka kushona. Hippolyte akashona. Siku ya Mukubwa, Kabambare yote ilikuja. Hakuna aliyeangalia bendera, wote wanaangalia nyuma ya Bwana. Akainama, mushono ukashika. Akasalimia, ukashika. Mukubwa mwenyewe akazunguka nyuma, akaangalia sana, akauliza: fundi wako ni nani? Bwana akasema: ni mufungwa wangu. Mukubwa akasema: mufungwa muzuri sana, usimufungue. Akatoa suruali zake zote za safari zishonwe pale pale.”

“Yaani anabaki ndani kwa sababu anashona vizuri?” Mama Mwanvua akauliza.

“Ndio hivyo. Hippolyte alilia, maana mihindi yake Lusangi ilikuwa inaliwa na nyani. Muke wake, Léocadie, akamuletea ugali, akamusikiliza alie, halafu akasema: baba, wewe ni mujinga. Ukishona vizuri utazeeka humu. Shona kama Madamu.”

Misheni akaweka mukono kwenye mudomo.

“Hippolyte akashona suruali za Mukubwa miguu yote miwili pamoja, kama gunia ya mupunga. Mukubwa akavaa asubuhi, na haraka, akaruka kama chura mpaka kwenye mulango, akaanguka miguuni kwa Bwana. Bwana akapiga kelele: toa huyu mutu boloko yangu, nisimuone tena. Na Bwana mwenyewe, polisi wanasema, mabega yake yalikuwa yanatetemeka.”

Tulicheka mpaka benchi likainama. Ndipo tukaona viatu. Kaporali André, polisi wa soko, alikuwa amesimama mbele yetu, mikono nyuma.

“Munacheka nini?”

Gazeti akajifanya anapima upepo wa baiskeli yake.

“Hatucheki, Kaporali,” Misheni akasema. “Tunaomboleza.”

“Nani amekufa?”

Misheni akamuangalia Sheria, Sheria akaangalia juu. Mama Mwanvua akashindwa kuvumilia.

“Suruali,” akasema.

Kaporali akakaza uso. Mashavu yakajaa, kofia ikaanza kucheza kichwani. Akageuka na muguu wa kijeshi, akatembea sawasawa mpaka nyuma ya ukuta wa soko. Halafu tukamusikia. Kicheko kilikuwa cha tumbo.

“Sheria,” mama akauliza, “ule sasa nani atamukamata?”

Sheria alikuwa tayari ameshika kofia yake. “Mimi sikusikia kitu,” akasema. “Na nyinyi hamukuwa hapa.”

Tukaachana kila mutu na njia yake, mikono kwenye midomo, kama watu wanaoumwa meno.